Udongo wa Dondora

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu kulikuwa na wadudu wa kuchoma moto na wadudu wa kuheshimu, na mtoto yeyote wa pale aliwajua kabla hajajua kusoma. Manyigu, wale wenye viota kama karatasi vinavyoning'inia chini ya paa, walikuwa wa kuchoma moto. Baba alifunga nyasi kavu kwenye ncha ya ufito, akangoja jioni baridi inapowalegeza, kisha akawasha na kuwaunguza, sisi tukiwa tumejifungia ndani tunachungulia kwenye ufa wa dirisha. Nyuki nao walipotaka kukaa kwenye ukuta wa jiko, tulikwenda kwa Wasukuma waliohamia upande wa bondeni kuomba mavi makavu ya ng'ombe, tukayafukiza mpaka wakaondoka wenyewe. Hakuna aliyewaonea huruma. Mimi nyigu alinichoma kwenye kope nikaenda shule jicho moja limefumba, na wenzangu wakaniita Chongo muhula mzima.

Dondora hakuguswa. Ni mweusi, kiuno chake chembamba kama uzi, miguu inaning'inia akiruka. Naye anachoma, lakini ni mpaka umshike. Anabeba tope mdomoni kutoka kisimani, donge kwa donge, anajenga kijumba ukutani, anataga humo, anaziba mlango na kwenda zake. Bibi yangu, mama yake baba, aliyeishi nasi, alisema dondora hajengi bure ndani ya nyumba ya watu. Akijenga, mle ndani kuna mimba, hata kama mwenye nayo bado hajajijua.

"Anajenga tumbo," bibi alisema. "Ukimbomolea, umebomoa tumbo la mwenye nyumba."

Na mtoto akishazaliwa, udongo wa kijumba kile ulisagwa akapakwa kitovuni, ili kikauke upesi. Bibi alipakwa na mama yake. Baba alipakwa. Mimi pia nilipakwa, na bibi alipenda kunionyesha kitovu changu mwenyewe kuwa ushahidi.

Nilikuwa darasa la pili mama aliposhika mimba. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wao pekee, na mimba hiyo ilikuwa imengojewa kwa miaka. Dondora walikuwa wamejenga mahali pawili, juu ya mlango wa chumba cha mama na pembeni mwa dirisha. Bibi alivitazama vile vijumba kila asubuhi kama mtu anayetazama ulezi wake shambani.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipowaachia watu biashara. Kila mwenye nguvu alikuwa anafanya biashara, na baba alipanda malori ya mizigo mpaka Kipili, ziwani, kuchukua samaki, migebuka na dagaa, akawauza mjini Sumbawanga. Akapata mabati. Siku ya kung'oa nyasi za zamani nyumba yetu ilijaa vumbi na majirani, na baba alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwake. Fremu mpya ya mlango ilipoletwa, ikagoma kuingia kwa sababu ya kile kijumba cha juu. Baba akakipiga kwa mpini wa jembe. Kikaanguka, kikapasuka, na ndani mkaonekana viwavi weupe.

Bibi alikuwa amebeba maji. Akayatua.

"Kalisti, umefanya nini?"

"Mama, fremu haiwezi kukaa juu ya tope."

"Mkeo ana mimba."

"Kile cha dirishani sijakigusa. Na huyu naye atajenga tena, kwani kakatazwa na nani? Siku hizi ni ruksa."

Watu walicheka. Mama pia alicheka, mkono wake tumboni. Bibi hakucheka. Aliokota vipande vya ule udongo kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga yake, na jioni hakula pamoja nasi.

Mama alijifungua masika, wakati barabara yetu ni tope tupu. Tena hospitali zilikuwa zimeanza kuwachangisha wagonjwa fedha, na wanawake wengi wa kwetu walikuwa wamerudi kujifungulia nyumbani kama zamani. Bibi ndiye aliyempokea mtoto. Alikuwa wa kiume, mzito, mwenye sauti kubwa. Baba akampa jina la Deo hapohapo, bila kuuliza mtu.

Nilishika kigoda bibi apande. Akakibandua kwa kisu kile kijumba cha dirishani, akakisaga juu ya jiwe mpaka kikawa unga mwekundu laini, akaupepeta kwa pumzi yake. Kisha akampaka Deo kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anayemfuta mtoto machozi. Alikuwa anaimba kwa Kifipa, wimbo wa kumkaribisha mtoto duniani. Nakumbuka nilitamani nirudi kuwa mchanga ili niimbiwe vile.

Kwa siku chache Deo alinyonya vizuri. Halafu akaacha. Mama alimwekea ziwa mdomoni na maziwa yakamwagika shavuni, kwa sababu mdomo haukufunguka. Alilia bila kufungua mdomo, na sauti ile bado naisikia. Usoni alikuwa kama anayecheka. Kisha mwili wake ukaanza kukakamaa. Ukifunga mlango kwa nguvu, anakakamaa. Sufuria ikianguka, anakakamaa, mgongo unapinda na ngumi zimefumbwa. Tukawa tunatembea kwa vidole na kuongea kwa minong'ono. Baba alikwenda kuwaomba majirani watwange mbali na nyumba yetu.

Mchana mmoja tumekaa kimya hivyo, dondora akaingia dirishani. Alizunguka pale kijumba chake kilipokuwa, akilia ile sauti yake nyembamba. Deo akakakamaa mikononi mwa mama.

Bibi alisimama. "Mmemwona?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mmemwona mwenyewe? Amekuja kudai nyumba yake."

Baba alikuwa mlangoni, chini ya ile fremu mpya.

Asubuhi kabla ya jua alimpandisha mama kwenye baiskeli, Deo amefungwa kwenye blanketi, wakaelekea hospitali ya mjini. Mama ndiye aliyenisimulia safari ile nilipokuwa mkubwa, na alinisimulia mara moja tu. Walipofika Kizwite, kwenye nyumba za mwanzo za mji, wanawake wanapanga maandazi barazani, alimgusa baba mgongoni.

"Baba Yustina," alisema, "simama."

Baba akasimama. Hakugeuka mara moja. Kisha wakarudi kwa miguu njia yote, baba anasukuma baiskeli, mama anatembea kando yake na mtoto mgongoni.

Kwenye msiba wa Deo bibi alisema neno moja tu, "Nilimwambia." Lilitosha. Kijiji kizima kikajua kwamba Kalisti alibomoa nyumba ya dondora wakati mkewe ana mimba. Shuleni niliulizwa kama ni kweli. Mama hakupata mtoto mwingine, na hilo nalo likawekwa juu ya baba. Wanaume waliokuwa wakicheka naye siku ya mabati walipokuja kumwomba asaidie ujenzi, walimtania: "Lakini Kalisti, ukutani kwetu utazame kwanza." Bibi alikuwa na neno lake kila alipokasirika: "Wewe mbomoaji." Baba alijibu, "Ndiyo, mama," akaendelea na kazi. Ukuta alioanza kuupiga lipu haujaisha mpaka leo. Hata mimi niliacha kumkimbilia njiani akirudi safari.

Nilisoma mpaka kidato cha pili. Nikapata mimba, nikafukuzwa shule, na aliyenipa mimba hiyo akahamia Mbeya bila kuaga. Sitasema mengi juu ya hilo. Baba hakunipiga. Aliichukua sare yangu ya shule kwenye kamba ya nguo, akaikunja vizuri na kuiweka ndani ya sanduku lake, na hatujaizungumzia.

Tumbo lilipoanza kuonekana, dondora akaanza kujenga juu ya kitanda changu. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, aliniomba nimshike mkono apapase. Akatabasamu.

"Amekukubali, mjukuu wangu. Huyu atapona."

Niliamini. Nilikuwa nimesoma jiografia na biolojia, lakini usiku nililala nikikitazama kile kijumba na moyo ukatulia. Basi jioni moja natoka kisimani nikakikuta hakipo. Ukutani kulikuwa na alama tu. Nikatoka mbio. Nikamkuta baba stoo ana panga, anakwangua kijumba kingine. Alikuwa amevikwangua vyote, jikoni, chumbani kwa bibi, hata bandani kwa mbuzi, na udongo wake ameutupa chooni.

"Baba," nilisema, "hata mimi unanibomolea?"

Alisimamisha panga. "Nenda kliniki, mwanangu. Usikose hata mara moja."

Akarudi kukwangua. Nililia usiku ule nikidhani baba anamchukia mtoto wangu kwa sababu ya aibu niliyomletea.

Kliniki tulikalishwa kwenye mabenchi, tukachomwa sindano mkononi. Dada mmoja akauliza ni ya nini, maana hakuna anayeumwa. Nesi alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, hakuacha kazi yake alipokuwa akijibu.

"Ni ya pepopunda. Inakaa kwenye udongo. Mnawapaka watoto wetu majivu, mnawapaka mavi ya ng'ombe, wengine huko kwenu wanapaka udongo wa dondora. Mnadhani kitovu kinakauka? Baada ya siku chache mtoto anaacha kunyonya, taya zinakaza. Ukigonga mlango tu anapinda kama upinde. Mnasema amerogwa."

Wanawake waliguna. Niliinama. Niliona kidole cha bibi, nikaona ule unga mwekundu laini, nikasikia wimbo.

"Dada, mbona unalia?" jirani yangu aliniuliza. "Sindano imeuma?"

"Imeuma," nilijibu.

Nilimkuta baba shambani anafukia nyasi kwenye matuta. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kulima. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yakaja vingine.

"Baba, Deo hakufa kwa sababu ya kile ulichobomoa."

Jembe likaenda juu, likashuka. "Najua."

"Unajua?"

"Redio ilisema. Wewe ulikuwa darasa la nne."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani?"

"Mama."

"Mama yako alikuwepo. Tulikuwa tunasikiliza wote. Bibi yako alikuwa anaingia na kuni, na mama yako akainuka akaizima." Alisimamisha jembe, akalifuta udongo kwa kidole gumba. "Hatukuwahi kulizungumzia."

"Lakini watu wanakusema, baba. Bibi mwenyewe anakusema."

"Mimi nimezoea kusemwa. Yeye je, nimwambie mkono wake ule ndio…" Hakumaliza. Alitazama upande wa nyumbani, ambako moshi wa jiko ulikuwa unalala kwa upepo. "Alikuwa anampenda sana yule mtoto," alisema. Kisha akaniambia nisikae kwenye baridi.

Mwanangu nilimzaa hospitali, masika vilevile. Tuliporudi bibi alikuwa tayari ametoa kigoda chake. Alipapasa kuta kutoka chumba hadi chumba, na sisi wote tunasikia viganja vyake vikipita kwenye lipu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kalisti, umebomoa tena? Yale hayakukutosha?"

"Nimebomoa, mama," baba alisema. "Nisamehe."

Mama alikuwa anakoroga uji. Hakuinua kichwa, ila mwiko ulisimama kidogo, halafu ukaendelea. Mimi nikamvuta mtoto kifuani na kufunika kitovu chake kwa kanga.

Sasa mwanangu anatambaa. Bibi anasema alipona kwa sababu yeye alikesha akimwombea baba msamaha kwa dondora, na baba humshukuru mbele za watu. Nimekuwa nikienda kwenye nyumba za wasichana wenye mimba hapa kijijini, na wengi wao ni wa umri wangu. Nawaeleza habari za udongo na sindano kama nilivyosikia kwa yule nesi. Wananiuliza nimejuaje, nasema kliniki. Nawaomba jambo moja tu, wasilitaje wakija kwetu. Nimewaambia wote waliotaka kusikia, na nitaendelea. Yuko mmoja tu ambaye sitamwambia.

Zamani nilidhani baba alinyamaza kwa sababu hana la kujibu. Leo asubuhi bibi alikuwa amemweka mwanangu mapajani juani, anamwimbia wimbo uleule, na kidole chake cha shahada kinazunguka polepole juu ya kitovu kilichopona. Sikuweza kukichukia kidole kile, na sikuweza kuacha kukitazama.

"Yustina," bibi aliniita, kama aliyehisi macho yangu. "Mbona kimya? Una nini?"

"Sina kitu, bibi," nilisema, nikaenda kumpokea mtoto.