Majani ya Viwavi na Ng'ombe wa Mama

Siku ile naikumbuka, mwanangu Akinyi, hata ninapojaribu kuisahau. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo nyumbani kwetu nje kidogo ya Oyugis, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu kingine ila vipepeo.

Najua umeshaanza kucheka. Hata juzi nilipokupigia simu ulicheka. Ulikuwa umenitumia picha ya kisanduku chako huko Rongo, viwavi wamenona, wavu umeushona vizuri kuliko nilivyowahi kushona mimi, nikafurahi kweli, nikasema hii ni damu yangu. Halafu nikaona nyuma ya kisanduku, kando ya ua, yale mashina yaliyonyauka uliyokuwa umeyatupa, na mbuzi wa mama mwenye nyumba amenyoosha shingo kuyaelekea. Nikakupigia hapo hapo, nikakufokea uyatoe. Uliyatoa, sikatai. Lakini ukaniambia, "Baba, wacha presha, ni majani tu." Basi kaa chini nikueleze habari za majani tu.

Kufuga vipepeo hakuna aliyenifundisha. Ulikuwa udadisi wangu mwenyewe. Kando ya barabara ya kwetu uliota ule mmea ambao sasa unaujua, unaotoa maziwa ukiuvunja, wenye matunda yaliyovimba kama vibofu vyenye vinywele. Juu yake niliwakuta viwavi wa mistari myeusi, myeupe na ya manjano, wanakula bila aibu. Nikawabeba nyumbani pamoja na majani yao. Nikachukua katoni ya sabuni, nikakata dirisha, nikalifunika kwa kipande cha chandarua kuukuu, nikafungua daftari: leo wamekula kiasi gani, leo nani amevua ngozi, leo nani amejining'iniza kichwa chini. Kiwavi akijining'iniza vile, baada ya siku moja hivi anakuwa kijifuko cha kijani chenye vidoti vya dhahabu. Mara ya kwanza nilipoviona vile vidoti nilikaa nikavitazama hadi chai ikapoa. Watu waliniita daktari wa viwavi. Mama akilisikia jina hilo alikuwa ananyamaza tu, maana yeye alitaka niwe daktari wa kitu kingine.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja, Silwal, jina la Kijaluo la ile rangi yake ya kahawia. Baba alikuwa ameshafariki, na ng'ombe yule ndiye aliyetulisha. Ng'ambo ya ua aliishi Mama Mdogo, mke wa pili wa Baba. Wale wawili hawakuwa wamepikiana chai tangu matanga ya Baba, miaka minne mizima, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba ambao sisi watoto tulishauchoka. Lakini asubuhi ile, sijui ni nini kilichomgusa, Mama Mdogo aliingia langoni kwetu na mzigo wa majani ya viazi vitamu kichwani. Akautua mbele ya Mama, akasema, "Nimekata mengi. Mpe ng'ombe wako."

Mama alishika kiuno, akamtazama. Kisha akasema, "Asante, nyieka." Nyieka ni mke mwenza kwa lugha yetu, na neno hilo nilikuwa nimelisahau kinywani mwa Mama. Mama Mdogo aligeuka akaondoka haraka haraka, nadhani hakutaka tumwone akilia.

Mama akaniagiza nikate nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, nichanganye na yale majani ya viazi, nimlishe Silwal. Yeye akachukua jembe akaenda shambani.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Asubuhi hiyo hiyo kijifuko kimoja kilikuwa kimegeuka cheusi, hata mabawa ya rangi ya chungwa unayaona yamekunjwa kwa ndani, yaani kipepeo atatoka wakati wowote. Wee, nilikuwa sijiwezi! Nilikuwa nimesafisha katoni, mashina makuukuu nimeyakumbatia kifuani, na badala ya kuyapeleka shimoni kama siku zote, nikayabwaga juu ya rundo la nepia. Nikasema nitayatoa baadaye. Nikakimbia kuchungulia. Bado. Nikarudi, nikalikatakata rundo lote kwa panga huku macho yangu yako mlangoni mwa chumba, nikamjazia Silwal horini, nikakimbia tena kuchungulia. Mmea ule ukiwa mbichi ng'ombe anaupita, maana ni mchungu. Ukinyauka, ukakatwakatwa ndani ya chakula kitamu, anaula na sumu yake.

Nilipopita tena horini niliona nusu ya tunda la kibofu la mmea ule limebaki pembeni. Nikachakura kwa mikono yote miwili, nikapata vipande viwili vitatu. Vingine vilikuwa vimeshakwenda. Na unajua nilifanya nini, mwanangu? Sikumwita mtu. Nilivikusanya vile vipande nikavitupa chooni, nikanawa mikono kwa sabuni, nikarudi kukaa mbele ya katoni. Nikajiambia ni kidogo tu, ng'ombe ni mnyama mkubwa.

Kufika saa sita Silwal alikuwa amelala chini, mate yanamtoka, pumzi anaivuta kwa shida. Mama alirudi akamkuta hivyo. "Yaye!" alilia, na majirani wakaja mbio. Kijana mmoja akapanda baiskeli kwenda mjini kumwita daktari wa mifugo. Wengine wakasema huyu amejaa gesi, atembezwe. Wakamkunja mkia, wakamsukuma ubavuni, akasimama. Tukamzungusha boma zima. Nimesema tukamzungusha, kwa sababu aliyeshika kamba ni mimi. Hatua chache anapiga magoti, wanamwinua tena.

"Amekula nini huyu?" mzee mmoja akauliza.

Mama alisimama wima. Nililiona wazo likimwingia usoni. "Majani ya yule mwanamke," akasema.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu lingetosha. Lakini kichwani niliiona katoni yangu ikichomwa moto na yule kipepeo ndani. Nikawasikia watu wakisema daktari wa viwavi amemuua ng'ombe wa mamake, habari ikavuka maji mpaka Rusinga kwa wajomba. Niliogopa, mwanangu, sina neno jingine. Nikakaza kamba, nikanyamaza.

Mama Mdogo akaitwa. Alikuja anakimbia, leso inamwanguka, kwa sababu alidhani anaitwa kusaidia. Mama akamwambia mbele ya watu wote, "Kumbe ndiyo maana leo ulipita lango langu! Miaka minne hujanipa hata maji ya kunywa, leo umenibebea sumu."

Mama Mdogo alitazama huku na huku mpaka akauona mzigo wa majani yaliyobaki karibu na hori. Akaenda akachomoa fungu, akalitia mdomoni hivyo hivyo na udongo wake, akatafuna. Akameza. Akachomoa la pili. Maji ya kijani yalimtiririka kidevuni, naye anatafuna huku analia, macho hayamtoki Mama. "Angalia, nyieka," akasema. "Nakula. Kama ni sumu, nife hapa mbele yako."

Waliokuwa wakimsukuma ng'ombe waliacha. Na mimi, haki ya Mungu, nikamwacha achomoe fungu la tatu.

Daktari alifika wakati huo na pikipiki yake. Hakusalimia mtu. Alipiga magoti, akamsikiliza Silwal kifuani kwa kile kipimo chao, akakunja uso. "Hii si gesi," akasema. "Tumbo liko sawa. Moyo ndio unaruka ovyo. Nani alimtembeza? Mkimtembeza tena atafia mikononi mwenu. Amekula nini?"

"Majani ya viazi," Mama akajibu.

"Majani ya viazi hayafanyi hivi. Kuna kingine. Niambieni, maana nisipojua nitakuwa nabahatisha, na huyu hana muda wa kubahatishiwa."

Aliuliza huku anatutazama mmoja mmoja. Mama Mdogo alikuwa bado na majani mdomoni, shavu limevimba. Akageuka akanitazama mimi. Mpaka leo sijui kama alikuwa amejua, au macho yake yalihitaji tu mahali pa kutua. Kamba ikaniponyoka.

"Ni mimi," nikasema. "Ni majani ya viwavi wangu."

Nikaeleza yote, la mashina, la tunda, hata la choo. Daktari hakunikemea. Aliuliza ni saa ngapi, ni mengi kiasi gani, kisha akaagiza makaa yasagwe laini kabisa, yakakorogwa na maji, akamnywesha Silwal kwa chupa taratibu. Akamdunga sindano. Akasema akae pale pale alipo, ajengewe kivuli, asiguswe na mtu, na kelele zikome. "Ungewaambia watu kabla hawajamsimamisha," akaniambia akifunga mkoba wake, "kazi yangu ingekuwa nusu."

Tulikaa alasiri nzima tukimtazama akipumua. Kila pumzi ikichelewa, Mama alikuwa anashika kifua chake mwenyewe. Jua likiwa limeinama, Silwal aliinua kichwa, akapapasa ndoo kwa mdomo, akanywa. Mama alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti.

Nilipoingia chumbani nilikuta kijifuko kimebaki ganda tupu. Kipepeo ameng'ang'ania chandarua, mabawa yameshakauka, mazuri kupita kiasi. Kile nilichokimbilia asubuhi nzima kilikuwa kimetokea bila mimi, na sikuwa hata na hamu ya kufungua daftari.

Mama akaja akasimama mlangoni. Nikasubiri aseme katoni itolewe nje na kiberiti kije. Aliitazama. "Hawa hawana kosa," akasema. "Waache." Kisha akanigeukia. "Nyathina, mwanangu, ungemuua ng'ombe wangu kwa kusahau, ningelia, na ningekusamehe. Lakini mwenzangu umemtafunisha majani mabichi kama mbuzi, mbele ya watu, na ulikuwa unajua."



Kabla giza halijaingia alichukua kuku mmoja, akanibebesha, tukaenda kwa Mama Mdogo. Mama aliomba msamaha akiwa amesimama nje, mimi nikapiga magoti. Mama Mdogo alinishika kichwa akasema yamekwisha, akatukaribisha, akatupikia chai. Tangu hapo walisalimiana vizuri, wakaketi pamoja kanisani, wakazikiana ndugu. Ukiwaona ungesema hakuna kilichowahi kutokea. Ila majani ya viazi Mama Mdogo hakuleta tena. Yalikuwa yanatambaa mpaka kwenye ua wetu, yanazidi, yanakauka hapo hapo, na yeye anayaruka akipita. Alifanya hivyo mpaka tulipomzika. Kila niliporudi nyumbani nilikuwa nayaona.

Kwa hiyo, mwanangu, fuga vipepeo wako. Sikukatazi, nitakukatazaje na mimi ndiye niliyekuambukiza? Lakini mashina ukiyatoa kisandukuni yaende moja kwa moja shimoni, uyafukie, hata kama kijifuko kinatikisika na moyo wako unaruka. Nawa mikono, usijifute macho na yale maziwa yake. Raha yako isifike kwenye chakula cha mtu au cha mnyama wa mtu kwa sababu tu ulikuwa na haraka.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Utakosea, hakuna dawa ya hilo. Siku ukikosea, sema wakati ng'ombe bado amesimama. Woga utakuambia ungoje kidogo, uone kwanza, pengine yatapita yenyewe. Usiusikilize. Ule muda unaongoja kuna mtu mwingine anautafuna kwa niaba yako, na mara nyingi ni yule ambaye hana kosa lolote.

Na leo, kabla hujalala, nenda kwa mama mwenye nyumba. Mwambie mashina yalikuwa yako, mwambie yana sumu, amwangalie mbuzi wake. Najua mbuzi ni mzima, najua utaona haya. Nenda hivyo hivyo.

Mungu akutangulie mpaka mlangoni kwake. Akupe mikono ya uangalifu na mdomo usiochelewa. Vipepeo wako watoke wote na mabawa yao kamili, na asiwepo mtu duniani wa kula majani kwa sababu yako. Ukitoka huko, nipigie. Simu ninayo mkononi.