Maziwa Yaliyorudi

Binti yangu wa kwanza kila mara alinyonya kwa pupa, kisha akayarudisha maziwa yote. Si kule kucheua kidogo kwa mtoto aliyeshiba. Maziwa yalimtoka mdomoni na puani, mgongo ukakakamaa, akalia mpaka sauti ikakauka. Nami nilimpa tena titi, maana sikuwa na kingine cha kumpa.

Tulikaa mtaa wa Ruashi, katika nyumba ambayo kuta zake zilikuwa bado tofali tupu. Mume wangu alishinda mgodini. Mama yake alitoka Kasungami kuja kunisaidia, akawa anafua tangu asubuhi, akinung'unika.

"Maziwa yako iko mubaya," aliniambia siku moja. "Juu ya nini mutoto anarudisha? Tumupe uji."

Nilikataa, nikampeleka mtoto kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akatabasamu. "Kilo iko inapanda bien, muzuri. Umushike wima akisha kunyonya. Itaisha."

"Itaisha wakati gani?"

"Ah, mama. Uvumilie."

Nikavumilia. Nilimshika wima begani mpaka mkono ukafa ganzi. Nikimlaza, analia, nikimwinua, anatapika. Mara nyingine tulilia pamoja, na sikuona haya.

Jumapili moja, tulipotoka misa, mtoto alitapika hata kabla sijavua viatu. Mama mkwe akaingia jikoni, akarudi na kijiko.

"Kamulia humu."

"Ya nini, mama?"

"Kamua tu."

Nilikamua nikitazama ukutani. Aliyaonja maziwa, akayazungusha mdomoni taratibu. Nilingoja kama mtu anayesubiri hukumu. Nilitamani aseme ni machungu, angalau tujue tunapigana na nini.

"Iko tamu," alisema, akaketi kitandani kwa uzito. "Sasa ni nini?"

"Sijue, mama."

"Na miye sijue."

Akampokea mtoto, akazunguka naye uani akimwimbia. Mtoto akamlilia yeye pia.

Hakuna aliyemponya. Alipoanza kukaa mwenyewe, kutapika kulipungua, kisha kukaisha, wala hatukujua ni lini hasa. Mama mkwe akarudi kwake, na habari ya maziwa mabaya hakuitaja tena. Nilipozaa wa pili, alikuja tena, na mtoto huyo naye akaanza kutapika vilevile. Mama mkwe alinyoosha mikono akamchukua kabla sijamaliza kufunga vifungo vya blauzi.