Siku Herufi za Seth Zilipohamia Usoni Mwangu

Mwenzenu siku ile nikiikumbuka hadi leo hujitafutia pa kuficha uso, ingawa wengi walionicheka wameshatangulia mbele ya haki, na laiti ningewapata tena wanicheke.

Tulipotoka Unguja tulifikia Matrah, bandari ya Waarabu, mie na wadogo zangu Zuwena na Salum, bila mama wala baba, na mkubwa ndiye mie, kwa hivyo shule nikaiacha nikaingia dukani kwa Seth (yaani tajiri) Damodar, Banyani muuza vitambaa, kumpigia chapa barua za Kiingereza (vidole vyangu vilikuwa vyepesi, sijisifu). Za Kigujarati alizipiga Mohan, karani wake mzee, kwa mashine yake, lakini macho yake yalishachoka na akataka kurudi kwao. Seth akaniita.

"Nasoro, Kigujarati unakisema kama mzaliwa wa Porbandar. Jifunze mashine ya Mohan. Ukiweza, kazi zote mbili zako. Ukishindwa, ntaleta mtu Bombay ajuae zote mbili, na wewe... basi, baba."

Hiyo "basi" niliielewa. Ilikuwa sahani ya wadogo zangu kubaki tupu.

Kukisema nilikijua, nimecheza na watoto wa Kibanyani mitaani kwetu. Kukisoma, hata herufi moja. Mtu mwenye akili angekaa akajifunza taratibu. Mie nikaona njia ya mkato: Mohan anitajie sauti ya kila kitufe, niiandike kwa herufi zetu kwenye kikaratasi, nikibandike juu yake kwa uji wa ngano.

"Mashine umeivisha kilemba, bhai, ndugu yangu," Mohan akaniambia. "Siku kikidondoka?"

Nikacheka. Haukupita muda nikawa naruka: Seth anatamka, mie nagonga, kengele ya mwisho wa mstari inalia kama baiskeli.

Basi wakaja wakwe kutoka Bombay kumposea mwana wao binti wa Seth, naye akataka barua ya kukubali posa ipigwe mbele yao, waone duka lake limeendelea. Lilikuwa lile joto la Matrah ambalo upepo hakuna na kanzu inakuganda mgongoni. Nikaalisha vidole vikalia, nikaanza kwa mbwembwe. Jasho likashuka, uji ukalainika, kikaratasi kikanifuata kidoleni. Nikakipangusa, kikanata kidole cha pili. Chengine kikahamia kitufe kisicho chake. Nikafuta jasho usoni kwa vidole vivyo hivyo, nikaendelea kubahatisha (mtu akishasifiwa mbio, hukimbia hata njia ikiwa imekwisha).

Baba mkwe akaichukua barua, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Akasita. Akaigeuza juu chini.

"Damodar, hiki Kigujarati cha wapi?"

Seth akanigeukia na hasira zake, akabaki mdomo wazi. Mama mkwe ndiye aliyesema: "Barua haisomeki, lakini mwandishi wake kaandikwa uso mzima!"

Nikashika shavu, vikaratasi. Nikashika paji, vikaratasi. Baba mkwe alicheka mpaka miwani ikamwanguka, na Seth, alipoona posa imesalimika, naye akacheka, huku mie nikiiomba ardhi inimeze.

Wageni walipoondoka akaniambia, "Mtu wa Bombay simwandikii bado. Kesho asubuhi panda juu nyumbani kwangu, ukae na wanangu wakifunzwa herufi."

Nikapanda, mie na masharubu yangu, nikakaa mkekani na kibao cha kuandikia mapajani, na kitinda mimba wa Seth akinifinya kila nikikosea: "Siyo hiyo, kaka Nasoro! Huoni?" Mohan, maskini, akaahirisha safari mpaka nilipozijua. Kazi nikaipata, na kasi ikaja yenyewe.

Lakini siku ile ya aibu nilirudi nyumbani kichwa chini, nikawahadithia wadogo zangu. Zuwena alicheka mpaka akakaa chini. Tangu mama alipotutoka nilikuwa sijamsikia akicheka vile. Nikaapa mbele yao kwamba sitakimbia tena na kitu nisichokijua hata sura.

"Apa, kaka, apa," Zuwena akasema, akijifuta machozi. "Lakini hebu rejea pale ulipofuta jasho."

Nikarejea, nikaongeza na chumvi.