Mama Nusu na Visahani vya Bintiye

Saa mbili asubuhi, katika chumba kisicho na dirisha, mama mmoja mwenye koti jeupe amekaa mbele ya kabati la kioo linalovuma kwa feni. Anainamisha kisahani cha plastiki kinachoenea kiganjani, anatumbukiza mrija, anavuta nusu ya maji ya lishe yenye rangi ya waridi, anaacha. Kisha anarudishia mapya, tone kwa tone, ukingoni.

"Nusu tu," anasema bila kugeuka. "Ukiyatoa yote, umeua."

Kwa kauli hiyo wanafunzi wamembandika jina la Mama Nusu. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja akilea seli za neva katika maabara hii, na waliofokewa kwa haraka zao hawahesabiki. Seli za neva ni deko tupu, anasema. Hazitaki baridi, hazitaki kutikiswa, na yale maji ya zamani unayoyaona machafu ndiyo zimeyazoea, maana zenyewe zimetia humo vya kuzikuza.

Lakini visahani vya leo ni vya watu wengine. Vya bintiye havipo tena, na aliyeviua ni yeye mama mwenyewe.

"Andika hivyo hivyo," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Usinipambie."

Binti huyo, kifungua mimba wake, ana miaka kumi na tisa. Alianza kujikwaa akiwa darasa la tatu. Watu wakasema mvivu wa kunyanyua miguu, na mama mtu, anakiri, aliwahi kumchapa kwa kumaliza viatu. Siku hizi anatembea kwa magongo.

Chanzo hakionekani kwa macho. Ndani ya seli ya neva mna protini zinazotembea juu ya nyuzi nyembamba zikiwa zimebeba mizigo. Hapa maabara wanaziita wachukuzi. Seli changa huchipua vijimkono kadhaa, vyote sawa. Wachukuzi huingia huku wakatoka, wakajaribu kule, mpaka wanakusanyika kwenye mkono mmoja. Huo ndio unaorefuka na kupeleka habari, na mingine inabaki mifupi, kazi yake kupokea. Hapo ndipo seli inapojua mbele yake na nyuma yake.

Kwa binti huyu, aina moja ya wachukuzi ina kasoro tangu kuzaliwa. Neva za miguuni zina safari ndefu kuliko zote, kwa hiyo ndizo zilizoumia kwanza.

Mwaka jana mtafiti mkuu wa maabara alimwomba binti kipande cha ngozi ya paja. Kwa miezi mingi ya kubembeleza, kikageuzwa kuwa seli za neva, na mlezi wake akawa mama mtu. Chini ya hadubini, wachukuzi waliotiwa rangi ya kung'aa walionekana wakiingia mkono huu na ule, wasitulie popote. Binti alipooneshwa picha alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe hata seli zangu hazijui ziende wapi! Na wewe mama ulikuwa unanilaumu mimi."

Juma lililofuata zilikuwa zitiwe dawa ya majaribio, ionekane kama wachukuzi watachagua mkono. Jumapili, Mama Nusu akaenda kuzitazama peke yake. Akakuta maji yamegeuka manjano.

"Vya wengine vikiwa manjano, naona manjano tu. Vile niliona mwanangu amekalia mkojo wake. Nikasema leo nimwogeshe vizuri."

Akayatoa yote. Akamimina mapya, akarudi nyumbani moyo umetulia. Jumatatu seli zote zilikuwa zimebanduka, zinaelea. Akiba ya seli hizo iliyogandishwa nayo ilikwisha kuharibika umeme ulipokatika mwezi mmoja kabla. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na huyu alilia pale pale sakafuni, mbele ya wanafunzi aliowafokea.

Mtafiti hakumfukuza. Alimwambia, "Mama, ni ajali kazini."

"Angenitukana ningepona," anasema kwa uchungu. "Ajali ni ya asiyejua. Mimi nilijua."

Kuanza upya kunahitaji ngozi nyingine. Dawa yenyewe hakuna aliyeahidi kwamba itafaa. Pengine itawafaa watakaozaliwa baadaye. Na miguu ya binti haingoji, mwaka huu imeshindwa ngazi. Mama alimweleza kosa lake wakimenya viazi jikoni, lakini ulimi ukawa mzito kumwomba tena. Binti akamenya kiazi chake mpaka mwisho.

"Ngozi nitatoa," akasema. "Ila usizishike wewe."

"Azishike nani, mwanangu?"

"Yeyote asiyenipenda."

Ngozi itakatwa juma lijalo. Mama amemchagua mwanafunzi aliyefika mwezi huu, mwenye mkono mtulivu, asiyemjua mtu yeyote hapa. Kila asubuhi anakaa naye mbele ya kabati la kioo.

"Namfundisha yote," anasema, "isipokuwa ni za nani."