Bi Mrejesho na Darasa la Ndiyo

Nyumbani walimwita Bi Mrejesho, na wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe. Tangu aingie chuo kikuu kusomea mawasiliano, alikuwa hawezi kuletewa chai bila kueleza kwamba chai ni ujumbe, kikombe ni njia, yeye ni mpokeaji, na sasa umefika wakati wa kutoa mrejesho. Mdogo wake, aliyekuwa akiileta hiyo chai, ndiye aliyempa jina. Mama yao hakulipinga. Mtoto akililia wembe mpe, alisema, na huyu amelilia mrejesho miaka mitatu.

Utafiti wake wa mwisho ulihusu usikilizaji. Aliuandika kwa bidii, kurasa kwa kurasa, na muda wote huo hakumwacha mtu yeyote nyumbani amalize sentensi. Mama akianza kusema, "Nilikuwa nataka kukwambia kwamba," yeye alikuwa amekwisha kujibu. Mara nyingi alijibu vizuri sana, ila alijibu jambo jingine.

Alikusudia kufundisha shule ya msingi, jambo ambalo wenzake chuoni hawakulielewa, maana wao waliwania redio na ofisi zenye viyoyozi. Yeye alisema darasa la kwanza ndiko mawasiliano yanakoanzia. Alilisema hilo hata kwa watu wasiomwuliza. Alikuwa amechukua na masomo ya ualimu, na kilichobaki kilikuwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja, na siku moja ambapo mhadhiri wake angekuja kuketi nyuma ya darasa na kumpima. Akifaulu, mwalimu mkuu alikwisha kumwahidi kumbakiza palepale. Akianguka, angerudia mwaka mzima, tena baada ya kuwatangazia mashangazi wote kwamba kazi ameshapata.

Siku za mwanzo zilimpendeza kupita kiasi. Somo lilikuwa hesabu za kutoa. Alibandika chati za rangi, akapandisha na kushusha sauti, akatembea kati ya madawati kama vitabu vilivyomshauri, na kila hatua aliifunga kwa swali moja: "Mmeelewa?" Darasa likajibu kwa pamoja, madirisha yakatikisika, "Ndiyo, mwalimu." Alirudi nyumbani kichwa kimevimba. Chuoni swali hilo likiulizwa watu huangalia viatu vyao. Hapa mrejesho ulipatikana papo kwa papo, tena kwa kwaya.

Madaftari ya watoto hayakukubaliana na kwaya hiyo. Yeye alifikia uamuzi kwamba tatizo ni penseli.

Mwalimu wa darasa, mama wa makamo aliyesahihisha kazi zake kwenye kona huku sikio moja likiwa kazini, alimwambia jioni moja wakifunga madirisha, "Mwanangu, siku moja waulize kama wewe ni mbuzi." Bi Mrejesho alicheka kwa adabu. Njiani akajieleza, kwa upole na bila kinyongo, kwamba watu wakikaa sana kazini huingiwa na wivu kidogo wakiona damu changa.

Mhadhiri alikuja asubuhi ya baridi. Alikuwa mtu mrefu, na kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa cha mtoto, kwa hiyo aliketi magoti yakiwa karibu na kidevu. Bi Mrejesho akasimama mbele ya chati.

"Nina mayai matano. Nimekula mawili. Yamebaki matatu. Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mhadhiri aliinua kalamu lakini hakuandika. Alimwinamia msichana wa dawati la jirani, aliyekuwa na pengo la meno mawili ya mbele, akamwuliza taratibu yamebaki mayai mangapi.

"Matano," alisema msichana, kwa sauti ya mtu asiyejua kunong'ona.

Bi Mrejesho alihisi ule mwaka wa kurudia ukivuta kiti na kukaa kando yake. Akauliza tena kama wameelewa, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Ndiyo, mwalimu. Hapo ndipo yule mbuzi alipomrudia akilini.

"Na mimi," aliuliza, sauti imekuwa nyembamba, "ni mbuzi?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kisha mwenye pengo akasema, "Mbona huna pembe?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kusomea mawasiliano, aliuliza ili asikie jibu. Akaketi sakafuni mbele ya yule msichana, akamwuliza kwa nini mayai yamebaki matano.

"Umesema umekula," mtoto alimweleza, kwa huruma. "Hatukukuona ukila."

Baada ya hapo kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alitaka kujua kama mayai yalichemshwa au yalikaangwa. Mwingine alisema yai moja lilikuwa bovu, ndiyo maana mwalimu hajalionyesha. Wa tatu hakuwa amesikiliza kabisa; alidhani mwalimu anazungumza na mgeni. Bi Mrejesho aliwasikiliza mpaka mwisho, jambo lililomchosha kuliko utafiti wake wote. Kisha akatoa karanga alizofunga kwa ajili ya mchana, akaweka tano juu ya dawati, akatafuna mbili, akafungua mdomo wakague.

"Tatu," alisema mwenye pengo. "Na njaa yako."

Kengele ililia nusu ya somo ikiwa bado, na karanga za mchana zimekwisha kwa maombi ya kurudia jaribio.

Watoto walipotoka kucheza, mhadhiri alijikunjua kitini. Alisema alichopanga hakukifundisha, chati hazikumsaidia mtu, na muda ulimtoroka. Ila tangu alipoketi chini, alikuwa mwalimu. Amempitisha, kwa alama za chini kabisa zinazopitisha. Akaendelea kidogo kuhusu somo la kesho, watoto wagawanywe vipi na waanze na nini.

"Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu," alisema Bi Mrejesho upesi.

Kwenye kona, mwalimu wa darasa, bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari, alikohoa kikohozi chenye asili ya zizini.

Bi Mrejesho alifumba mdomo, akaufumbua tena.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Tangu pale uliposema nimepita, sijasikia kitu. Naomba urudie ya kesho."