Mwalimu Kigen Ajifunza Kusema Sijui

Kama ulipita mtaa wa West Indies mwaka jana ukamwona mzee wa heshima amesimama kwenye veranda yake akivua suruali, halafu hukukimbia kuita chifu, basi wewe ni mwenyeji. Huyo alikuwa Mwalimu Kigen, mstaafu wa Jiografia, na hakuwa na wazimu wowote. Alikuwa tu anaingia nyumbani kwake.

Nguo za nje hazikuvuka mlango wa mkewe, Jeruto. Viatu vililala getini kama mbwa. Karatasi ya mkate ilioshwa kwa sabuni kabla mkate haujatoka ndani yake. Na mikono ya Jeruto mwenyewe, aliyoinawa tangu kuamka hadi kulala, ilikuwa imepasuka kama shamba la Burnt Forest mwezi wa Januari.

Kila alipomaliza kuosha kitu alimgeukia mumewe.

"Ni safi?"

"Ni safi," Mwalimu anajibu.

Hapo anapumua. Punde si punde anauliza tena. Mwalimu alijibu akinyoa ndevu, alijibu akiwa kwenye simu, alijibu katikati ya Baba Yetu, baada ya mbinguni na kabla ya jina kutukuzwa. Maisha yake yote alikuwa amelipwa kwa kujua majibu, na hili lilikuwa rahisi kuliko mito ya Afrika.

Na majirani je? Majirani walimsifu Jeruto. Akina mama wa kanisa waliona wamepata lulu, wakamweka msimamizi wa jikoni. Mazishi ya kwanza chini ya utawala wake, maiti ilizikwa kwa wakati lakini waombolezaji walikula jioni, kwa sababu sufuria zilikuwa bado zinasuguliwa. Ndipo sifa zikageuka kuwa minong'ono, na minong'ono ikamfikia mchungaji. Mchungaji akaja kumwekea mikono. Jeruto akamwomba anawe kwanza. Akanawa. Akamwomba anawe tena, sasa mpaka kwenye viwiko. Mtumishi wa Mungu akaona roho hii inajua usafi kuliko yeye, akambariki akiwa mlangoni, akaondoka.

Wangeendelea hivyo hadi Yesu arudi (na avue viatu getini) kama binti yao Cherono hangepata mchumba. Kijana aliitwa Kiptoo, wa Timboroa, kwao wakulima wa viazi. Siku ya koito ikapangwa, ile siku wazee wa kijana huja kwa kina msichana kukubaliana mahari. Katika ukoo wa Kigen, koito haianzi mpaka mama wa msichana awasalimie wageni kwa mkono, kisha awamiminie mursik yeye mwenyewe.

Sasa, mursik ni maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa masizi ya mkaa. Yaani unachukua chombo safi, unakichafua kwa makusudi, halafu unawapa wakwe. Jeruto alikuwa amevipiga brashi vibuyu vyake hadi ndani vikawa vyeupe kama sinki. Akatangaza kwamba siku hiyo atakaa chumbani, dadake amimine.

Cherono hakupiga kelele. Alimfuata babake kwenye veranda, akamkuta ameshavua mguu mmoja wa suruali.

"Baba, Mama akijificha wale watu watasema amenikataa. Asipotoka, na mimi sitoki."

Ndivyo Jeruto alivyofikishwa hospitali kubwa mjini, akasimama saa nzima kwenye foleni kwa sababu benchi haliaminiki. Aliyewapokea alikuwa mshauri wa magonjwa ya akili aitwaye Angeline Amondi, msichana wa kutoka upande wa ziwa, mwenye sauti ya kusikika bila spika. Alimsikiliza Jeruto kwa upole hadi mwisho. Akasema huu si uchafu, si pepo, wala si maringo. Ni ugonjwa, unaitwa OCD, na una matibabu. Akili yake ni kama alamu ya gari inayolia hata mwizi hayupo. Kunawa kunainyamazisha kidogo tu, halafu inalia zaidi. Daktari angempa dawa, na wao wangeanza mazoezi ya kushika kitu, kutonawa, na kungoja alamu ichoke yenyewe. Jeruto akalia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia jambo hilo bila kumsifu wala kumkemea.

Kisha Amondi akamgeukia mzee.

"Na wewe Mwalimu, ndiye unauzia huu ugonjwa petroli."

Mwalimu akauliza kwa ukali kidogo ni petroli gani.

"Akikuuliza kama ni safi, unasemaje?"

"Nasema ni safi. Si ni mke wangu?"

"Hilo jibu ndilo petroli. Kutoka leo unasema sijui."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa atembee uchi hadi Timboroa. Sijui! Alikuwa amechapa vizazi viwili vya watoto kwa sababu ya neno hilohilo.

Wiki za kwanza nyumba ilikuwa moto. Jeruto aliuliza, Mwalimu akajibu sijui huku jasho likimtoka, Jeruto akataka kujua kama alistaafu pamoja na akili yake. Lakini hospitali alirudi, dawa alimeza, na polepole alamu ikaanza kuchoka. Siku moja suruali ya Mwalimu iliingia sebuleni ikiwa mwilini mwake. Siku nyingine Jeruto alisaga mkaa, akasugua kibuyu kimoja kwa masizi, akakaa nacho mapajani, na hakukiosha.

Koito ikafika, na mvua nayo. Wakwe walishuka na gambuti zilizobeba tope la nusu ya Timboroa. Mbele alikuwa babake Kiptoo, Mzee Kiprop, mwenye kiganja kama jembe. Jeruto alitoka. Akampa mkono. Akawapa wote. Akachukua kibuyu, akamimina kikombe cha kwanza, masizi yakamganda vidoleni, na hapo mkono ukaganda hewani. Akamgeukia mumewe mbele ya ukoo mzima.

"Baba Cherono, ni safi?"

Wakwe wamekodoa macho kwenye kikombe. Mwalimu alikuwa na neno moja la kuiokoa heshima yake, na jingine la kumwokoa mkewe. Akamwangalia Cherono.

"Sijui," akasema.

Shangazi mmoja alifunika uso kwa leso. Jeruto alisimama pale akingoja alamu ichoke. Hakwenda kwenye bomba. Kisha akamkabidhi Mzee Kiprop kikombe.

Mzee akakitazama kikombe, akamtazama Mwalimu.

"Hata kwetu hakuna anayejua," akasema, akanywa chote. Akapangusa midomo. "Ila masizi ni kidogo. Hiki kibuyu kimeoshwa sana."

Jeruto alicheka hadi akashika ukuta, na alama ya vidole vitano vyeusi ikabaki pale. Haijafutwa mpaka leo. Hajapona kabisa, tusidanganyane. Kuna siku bomba linamshinda. Lakini wakitoka kwenda kanisani, akiuliza kama gesi imefungwa, Mwalimu anasema sijui kwa sauti ya mtu aliyehitimu. Wanafika getini. Halafu mzee anasingizia amesahau Biblia, anarudi ndani mbio kuangalia gesi. Biblia anayo kwapani.

Amondi ameshaambiwa. Ameomba mzee naye aletwe.