Fishi ya Babu na Soksi za Mama

Mama alinituma nikamtafutie jambo moja tu: kama aliandikwa au hakuandikwa. Alikuwa amelazwa hospitali kule Woluwe, Brussels, mapafu yamemchoka, na daktari alikwisha acha kuzungumzia matibabu, akawa anazungumzia namna ya kumpunguzia maumivu. Mimi nilielewa. Mama alielewa kabla yangu.

Baba yake alichukuliwa jeshini Katanga wakati wa ile vita kubwa ya Wazungu, mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakurudi. Ndugu zake wakasema kaka yao hakuwa na mke wala mtoto, wakagawana shamba na baiskeli yake, na bibi akarudi kwao na aibu yake. Mama alipokua kidogo alipelekwa kwa hao baba zake wadogo kujaribu bahati. Walimtazama kuanzia kichwani, wakafika miguuni, wakakaa kimya. Kisha wakamwambia aondoke. Kwa akili yake ya kitoto aliona sababu ni moja: kidole kidogo cha mguu wa kushoto, ambacho alizaliwa nacho kimepanda juu ya mwenzake. Aliamini wamemkataa kwa ubaya wa mguu. Tangu siku hiyo hakuvaa ndala mbele za watu. Hapa Brussels, hata jua likiwa kali, alikuwa akitembea mtaani Chaussée de Wavre na viatu vya kufunika na soksi nene, nasi wanawe tulimtania kwamba anavaa kama askofu.

"Bazungu balikuwaka banaandika byote," aliniambia siku ile, sauti imekwisha. "Wende uangalie kama niko mule. Kama baba alisemaka iko na mutoto, basi bale balisema bongo, balidanganya. Kama hakusema..." Hakumalizia.

Niliomba faili kwenye nyumba ya kumbukumbu za jeshi la koloni. Nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Nilipiga simu, nikapiga tena, nikamfokea msichana wa watu aliyekuwa akifanya kazi yake tu. Kila jioni nilirudi nyumbani Ganshoren kutoka hospitali nikiomba Mungu azuie kifo hadi karatasi ipatikane, kana kwamba Mungu naye ana ofisi ninayoweza kuisumbua.

Hatimaye wakaniita. Kumbe faili yenyewe ilikuwa fishi moja tu, kadi ya kuandikishwa jeshini, imekuwa rangi ya chai. Jina la babu, kijiji, jina la chifu. Sikuvisoma, nilikimbilia mstari wangu. Hali ya ndoa: kapera. Watoto: hakuna.

Nilimwuliza mtunza kumbukumbu, mama mmoja wa Kibelgiji mwenye miwani, kama hakuna ukurasa mwingine. Hakuna. Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba fishi hizi lazima zisomwe kwa tahadhari. Jeshi lilipenda vijana wasio na familia, na chifu alitakiwa kutoa watu, kwa hiyo huenda chifu ndiye aliyesema ni kapera. Huenda karani aliandika bila kuuliza. Huenda babu mwenyewe aliificha familia yake ili serikali isiifuate. Fishi inaonyesha jeshi lilitaka kusikia nini, akasema, wala haituambii aliyelijibu ni nani.

"Bon, madame," nikamwambia, "mama yangu anakufa. Huenda zako nizipeleke wapi?"

Akaomba radhi, akaniacha. Niliendelea kusoma kwa sababu sikutaka kurudi mikono mitupu. Picha haikuwepo. Walikuwa wamempima kama ng'ombe wa mnadani: urefu, kifua, uzito, meno. Chini kabisa, karibu na alama ya dole gumba lake, palikuwa na mstari wa alama za pekee mwilini, na karani aliandika kwa Kifaransa, kwa mwandiko mzuri wa kulala: kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimepanda juu ya jirani yake.

Nililia, na haikuwa furaha. Wale ndugu walioga mtoni na kaka yao tangu utoto. Walipofika miguuni mwa yule mtoto wakanyamaza, walikuwa wanamwona kaka yao.

Mama aliniuliza kabla sijavua koti. "Niko mule?"

Ningeweza kumdanganya. "Kwenye mstari wa watoto, hapana, maman. Baliandika hakuna."

Akauachia mkono wangu, akageukia ukutani. Sijawahi kuona mtu akikata tamaa namna ile, na ni mimi niliyemletea. Nikafunua blanketi haraka, nikamvua soksi, nikakishika kile kidole, nikamsomea nakala ya mstari wa chini, mara ya kwanza kwa Kifaransa, mara ya pili kwa Kiswahili chetu.

Akapigania pumzi.

"Balitazama muguu yangu," akasema.

"Ndiyo, maman."

"Balijua."

"Balijua."

"Nani ya bale iko angali muzima?"

Hakuna hata mmoja, nikamwambia. Alilia bila sauti, maana sauti ilihitaji pumzi, na mimi sikuwa na mtu wa kumletea ili amwambie. Maisha mazima alikuwa ameficha ushahidi wake ndani ya soksi, na waliopaswa kuuona walikwisha uona siku ya kwanza.

Nesi akaingia, akaugusa mguu, akasema ni baridi mno, akaokota soksi. Mama aliuvuta mguu kwa nguvu ambazo siku hizo hakuwa nazo hata za kushika kikombe.

"Muuache inje," akasema.

Nesi hakuelewa neno, akanitazama. Nikamwambia auache nje.